Mdudu wa Siku Moja, Mwaka wa Nne

Ndugu Mhariri wa Jarida la Wadudu,

Pokea heshima zangu, na ikiwezekana uzipokee ukiwa umekaa. Mimi ni fundi cherehani, mke halali wa yule mtafiti unayemrudishia andiko lake kila mara. Hatujuani, lakini barua zako zote tatu nimezisikia, kwa sababu mume wangu huzisoma kwa sauti kwenye meza yangu ya kushonea huku kajishika kichwa.

Naandika kwa adabu kukuomba uchapishe maelezo ya yule mdudu wake wa mtoni, asiye na jina bado, kama yalivyo, na iwe wiki hii. Sababu zangu ni hizi:

1. Mdudu mwenyewe akishaota mabawa huishi siku moja. Anatoka majini, anaruka, anaoa, anakufa, basi. Mume wangu anamweleza kwa maandishi huu mwaka wa nne. Miguu ya mbele peke yake ilikula miezi kumi na minne. Mimi nilichumbiwa, nikaolewa na kujifungua mtoto wa kwanza kwa muda mfupi kuliko huo, na hakuna aliyeniandikia nirudie.

2. Barua yako ya pili ilisema mishipa ya mabawa haikuchorwa vizuri. Akahitaji wadudu wapya, na kwa wadudu wapya akahitaji wavu. Bibi harusi mmoja alipokuja kujaribu gauni lake alikuta shela limefungwa kwenye mpini wa ufagio, linanuka tope. Nilimwambia ndiyo harufu ya kitambaa cha bei mbaya. Mungu anisamehe.

3. Siku moja nilimwita mara tatu aje kula. Akanijibu bila kuinua uso kwenye hadubini, "Mdudu mzima hana kinywa cha maana, mke wangu. Tumbo lake limejaa hewa tu, na wala halalamiki." Ndugu Mhariri, siku hiyo nilimwandalia hewa. Nilipanga sahani, nikaweka kijiko, nikafunika vizuri. Akafunua, akatazama, akasema, "Ahsante," akarudi kazini.

4. Mtaani anaitwa Bwana Mikia, kwa kuwa huwasimamisha watu kuwaeleza kwa nini mdudu wa mikia mitatu si sawa na wa miwili. Mimi ni Mama Mikia. Sikuomba.

5. Hili ndilo lililonitoa machozi. Binti yetu wa pili alipata mchumba, tukapanga wazazi wa kijana waje Jumamosi asubuhi tufahamiane. Ijumaa ikafika barua yako ya tatu, ikitaka viungo vya uzazi vya dume vichorwe upya, vikubwa, kwa pande zote. Basi wageni walipoingia sebuleni walikuta michoro imetandazwa kwenye makochi. Mama wa kijana akachukua mmoja akidhani ni mtindo wa shingo ya gauni, akausifu sana. Mume wangu, kwa furaha ya kupata msikilizaji, akamweleza ni kitu gani kile.

"Hawa wadudu wanafanana mno, mama. Huwezi kuwatofautisha mpaka umtazame dume hapa. Na huyu anavyo viwili."

"Viwili?" akauliza baba wa kijana.

"Viwili, mzee mwenzangu. Sawasawa kabisa."

Mama akaweka kikombe chini. Mzee akasogeza kiti. Saa mbili nzima akawa ameinamia hadubini akisema, "Ajabu!" na "Hebu kidogo tena." Habari za binti yetu hazikuguswa. Walipoondoka, mama mbele na mzee nyuma akigeuka-geuka, binti alikaa kwenye kiti cha cherehani akasema, "Mama, hata jina langu hawakuuliza." Akalia. Baba yake alisikia. Akaondoka kwenye hadubini, akamtazama mtoto wake, akajifuta macho kwa kile kitambaa cha kufutia lenzi. Nami nikatafuta kalamu.

Kwa hiyo naomba uchapishe. Ukikataa, sitagombana nawe. Nitamfungasha mume wangu kwenye sanduku lile lile analotumia kwa vielelezo vya wadudu, nimtume kwako kwa posta, na juu yake nitaandika: dume, mzima, hali nzuri, mabawa hana. Umweleze wewe.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa wahakiki wako wasiotaja majina yao. Waambie na mimi nimeamua kutotaja langu.

Wako ambaye subira imemwishia,

Fundi cherehani, mke wa mtafiti.

Tanbihi: Nilipokuwa natafuta bahasha, mume wangu na binti yetu wametoka. Wamekwenda kwa wale wazazi. Kasema ataomba radhi na kuanza upya, na hakubeba mchoro hata mmoja, nimempekua. Nyumba ikawa kimya na hadubini iko wazi. Nikasema ngoja nimtazame huyu mvuruga nyumba mara moja tu, nimtukane ana kwa ana. Kumbe aliyewekwa pale ni mtoto, yule wa majini, asiyeota mabawa bado. Ukurasa wa tisa wa andiko unasema ana jozi sita za matamvua ya kupumulia ubavuni. Mimi matamvua nimeyashona kwenye mapazia miaka ishirini. Ni jozi saba, Ndugu Mhariri. Ya saba imejikunja chini ya ya sita, ndogo kama ukucha wa kichanga, nzuri mno. Nimehesabu mara nne. Nimefungua na chupa nyingine, nikahesabu wa humo. Saba. Chai yangu imepoa.

Basi usichapishe. Mrudishie mara ya nne, tena kwa ukali, umwambie ahesabu upya. Tafadhali usiseme umeambiwa na mimi. Mwambie umetilia shaka mwenyewe. Na akikuomba muda, mpe. Miguu ya nyuma hatujaigusa.