Honi ya Koko Katungu

Jumatatu, 5 Machi 2001, Bulengera
Koko Katungu, mama wa mama yangu, alianguka jikoni juzi! Alilala sakafuni asubuhi nzima, mimi niko kibandani natengeneza redio za watu. Sikusikia kitu. Habari zimefika Beni kwa mama mkubwa Kavira, naye amejibu kupitia dereva wa lori: Jumamosi anakuja kumchukua akaishi kwake, moja kwa moja. Koko amelia. "Beni siende! Kule joto inapikaka batu." Mimi nimelia kumshinda. Nyumba hii bila yeye! Na nani atanipikia?
Ngoja. Kichwa kinachemka. Nitaunda mashine!

Jumanne
Nimeweza, haki ya Mungu! Chupa ya dawa, ndani yake gololi ya baiskeli na ncha mbili za waya. Mtu akisimama, kimya. Akianguka, chupa inalala, gololi inabingirika mpaka kwenye waya, betri inaamsha honi ya pikipiki. Koko nimemfunga chupa kiunoni, na waya mrefu unamfuata kila chumba. Jirani Élisée, fundi redio anayeninyang'anya wateja, amesema nimemfunga bibi wa watu kama mbuzi. Wivu!

Alhamisi
Koko ameinama kufagia: honi! Ameinama kuchambua maharagwe: honi! Élisée ameuliza tumenunua pikipiki lini. Nimesogeza waya, sasa lazima alale kabisa ndipo ilie. Mchana akalala usingizi: honi! Nimemwomba awe analala ameketi.

Jumamosi
Mama mkubwa amefika. Nikaanza kumweleza mashine, ghafla risasi barabarani! Sote chini, kama kawaida yetu. Koko wa kwanza, kifudifudi. Nilipounda mashine nilisahau vita! Honi ikalia mtaa mzima, na nani angeinua kichwa kwenda kuizima? Wanajeshi wakaingia. "Piki iko wapi?" Walidhani tumeificha. Wakapekua hadi chini ya kitanda, wakamkuta mama mkubwa analia. Mimi nilisahau hata jina langu. Koko akainuka peke yake, akavua chupa, akawaonyesha. "Batoto yangu, piki hapana. Ni wazimu ya mujukuu wangu." Wakacheka, wakaondoka na betri na honi yangu.
Mama mkubwa tulimtoa kwa kumvuta miguu. Akasema anayeanguka na kuinuka namna ile abaki hapa hapa. Wa kuchungwa ni mimi.

Jumapili, 11 Machi
Koko anabaki! Nimeruka ua mzima kwa furaha. Mashine imefaulu! Yeye anasema hataki mashine, anataka niache mlango wa kibanda wazi niitike akiita. Nimekubali, ili asiumie moyo.
Lakini nimewaza misa yote. Kosa lilikuwa honi tu! Ukipiga honi ya pikipiki, lazima waje wanaotaka pikipiki. Dawa yake ni king'ora cha lori la jeshi. Wakikisikia watajua wenzao wameshafika, watapita zao. Safi kabisa! Kesho asubuhi naenda kambini kwao kuuliza kama wana kimoja kibovu.