Mita Kumi na Nane za Waya

Jumapili moja, saa nne kamili asubuhi, Mkurugenzi wa Mawasiliano Yasiyotumia Waya alisimama kando ya meza ya chai, akakohoa kikohozi cha kikazi, kisha akautangazia umma kuanzishwa kwa Mkakati wa Upanuzi wa Huduma za Mtandao hadi Chumba cha Nyuma. Mkakati huo, alisema, ungekuwa shirikishi, endelevu, na wenye kumgusa mwananchi wa kawaida pale alipo.

Umma wenyewe ulikuwa watu wawili. Mkewe alikuwa anapaka mkate siagi. Mama mkwe wake alikuwa anapuliza chai.

"Kwa mamlaka niliyopewa," Mkurugenzi akaendelea.

"Na nani?" akauliza mama mkwe.

Swali hilo halikuwemo kwenye ajenda, kwa hiyo likaahirishwa.

Tatizo lilikuwa hivi. Ruta ya waifai ilikaa sebuleni, juu ya kabati la televisheni. Kutoka hapo mtandao ulitembea vizuri mpaka kwenye korido, ukajikwaa kwenye ukuta wa bafu, ukafika jikoni unahema, na chumba cha nyuma haukukifikia kabisa. Kuta za nyumba hiyo zilikuwa nene kama za gereza. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyemwambia mwashi, siku ile wanajenga, "Fundi, weka kuta za heshima, mimi ni mtu mkubwa." Mwashi akatii, na heshima hiyo ndiyo iliyokuwa inazuia mtandao.

Sasa, chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa ofisi ya mkewe. Alikuwa mwalimu wa hisabati, na kila alasiri aliwafundisha kwa kompyuta watahiniwa arobaini na mmoja waliokuwa wamesambaa huku na huko. Kwa kuwa mtandao ulikataa kumfuata mwalimu, mwalimu aliufuata mtandao. Alipindua ndoo kwenye korido, karibu na mlango wa bafu, akakaa juu yake na kompyuta mapajani, akafundisha. Alhamisi moja, katikati ya milinganyo ya kipeo cha pili, mama yake alivuta maji ya choo. Watahiniwa wote arobaini na mmoja wakasikia. Mmoja akaandika, "Mwalimu, hiyo nayo ni hatua ya ngapi?"

Kesho yake mkuu wa shule alimtumia ujumbe. Masomo yanakatikakatika, mtihani umebaki wiki tatu, na hali ikiendelea hivi darasa atapewa mwalimu mwingine. Mwalimu alimsomea mumewe ujumbe huo mara moja tu, kwa sauti ya chini. Alikuwa na watoto wale tangu wanajifunza kugawanya sehemu.

"Baba," akasema, "mimi nataka waya. Waya mmoja, utoke kwenye ruta uingie chumbani kwangu. Basi."

Mkurugenzi alishika moyo. Waya! Yeye ndiye aliyetunga kaulimbiu ya wizara, "Zama za Waya Zimepita," na kwenye geti la wizara kulikuwa na bango la picha yake akikata waya mnene kwa mkasi. Kwa kweli ilikuwa kamba iliyopakwa rangi nyeusi, maana waya halisi uliugomea mkasi mbele ya wapiga picha. Lakini picha ni picha. Mtu wa bango kama lile akionekana amebeba waya kwapani, atapita wapi na uso wake?

Ndipo ukazaliwa Mkakati. Kamati iliundwa siku ileile: Mkurugenzi mwenyekiti, mkewe mjumbe, mama mkwe mwakilishi wa makundi maalumu. Wiki ya kwanza ilikuwa ya upembuzi yakinifu. Mkurugenzi alizunguka nyumba nzima ameinua simu juu ya kichwa, anainama, anageuka, anarudi kinyumenyume.

"Mwanangu," mama mkwe akamwuliza, "unawanga mchana huu?"

"Ninapima wigo, mama."

"Haya. Ukimaliza kuupima, sogea hapo nifagie."

Wiki ya pili ilikuwa ya utekelezaji. Mkurugenzi alileta viongeza mawimbi vitatu, visanduku vidogo vyeupe vya kuchomeka ukutani. Kimoja alikichomeka kwenye korido, kimoja jikoni, kimoja mlangoni mwa chumba cha nyuma, akaieleza kamati jinsi vinavyofanya kazi. Cha kwanza kinasikia kutoka kwenye ruta, kinamwambia mwenzake, mwenzake anamwambia wa tatu, wa tatu anamfikishia mwananchi.

"Kama ofisini kwetu," akamalizia kwa fahari.

Ikawa kama ofisini kwao hasa. Kilichotoka sebuleni kikiwa habari kilifika chumba cha nyuma kikiwa tetesi. Simu ilionyesha vijistari vyote vimejaa, lakini ukibonyeza kitu, unasubiri mpaka unasahau ulitaka nini.

"Si unaona vimejaa?" alisema Mkurugenzi.

"Vimejaa," mkewe akamjibu, "lakini havifanyi kitu. Nimeolewa, navijua vitu vya namna hiyo." Akachukua kompyuta yake, akarudi kwenye ndoo.

Mkurugenzi aliandika ripoti ya kurasa kumi na nne. Ilipendekeza kiongeza mawimbi cha nne, pamoja na ziara ya mafunzo nyumbani kwa jirani. Kisha akafunga sanduku, akaenda semina ya siku tatu kuhusu kuwafikia wasiofikiwa. Ukumbi wa semina haukuwa na mtandao, lakini yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na kiti kilikuwa kizuri.

Yaliyotokea nyuma yake aliyajua baadaye. Jumanne asubuhi mkewe alimpigia simu fundi umeme mmoja, mwanamke mfupi wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Koleo. Alikuja na ngazi, keekee, na furushi la waya. Aligonga ukuta kwa kidole, akasikiliza, akauliza, "Nani aliyejenga handaki hili?" Hakungoja jibu. Alipanda darini, akavuta waya kutoka sebuleni mpaka chumba cha nyuma, mita kumi na nane. Huko akauchomeka kwenye ruta ya zamani iliyokuwa imelala kabatini miaka miwili, akaipa jina lilelile la waifai ya sebuleni na nywila ileile, ili simu na kompyuta zisijione ugenini zikihama chumba.

"Kuna kitu nimekizima humu," alimweleza Mwalimu. "Ruta ndiyo inayovigawia vifaa anwani. Zikigawa mbili kwenye nyumba moja, zitagombana, na nyote mtakosa mtandao. Anayegawa awe mmoja, huyu wa pili afanye kazi tu."

"Ukimpata wa kunifanyia hivyo kwa mume wangu, nipigie," alisema Mwalimu.

Saa mbili zilitosha. Alasiri hiyohiyo alifundisha akiwa mezani kwake, kwenye kiti chenye mgongo, na somo halikukatika hata neno. Yeye na mama yake wakakubaliana wasiseme kitu mpaka waulizwe.

Hawakuulizwa. Mkurugenzi alirudi, akaingia chumba cha nyuma, akafungua simu, akaona mtandao unatiririka kama bomba. Akaita kamati kwa sauti.

"Mnaona? Viongeza mawimbi vinahitaji muda wa kuizoea nyumba!"

Mama mkwe alikuwa amekwisha kuving'oa viwili, apate pa kuchomeka pasi na chaja yake. Alimtazama mkwewe kwa huruma, akaendelea kukunja kanga.

Siku ileile Mkurugenzi alimwandikia Waziri Taarifa ya Mafanikio. Chumba cha nyuma kimefikiwa. Waya haukutumika. Mfano huu uigwe nchi nzima. Waziri alifurahi kupita kiasi, akaitisha kikao cha wakuu wote kumi na mmoja kwa njia ya video, Ijumaa saa tisa alasiri, kila mtu akiwa nyumbani kwake, na Mkurugenzi atoe mada.

Ijumaa ikafika. Sebuleni mama mkwe alikuwa na wageni wake, wamama sita wenye mazungumzo mazito, na wala hakukuwa na mkwe wa kuthubutu kuwaondoa. Mkurugenzi akajipanga jikoni, koti na tai juu, kaptura chini ya meza. Alikuta kiongeza mawimbi kimechomolewa. Akaguna, akachomoa pasi, akakirudisha mahali pake kwa heshima zote, akaunganisha kompyuta yake hapo.

"Mheshimiwa Waziri, wakuu wenzangu," alianza. "Leo nasimama mbele yenu kama ushahidi unaotembea. Zama za waya zime..."

Picha ikaganda. Ikamgandisha mdomo wazi, macho yamelegea, kidole hewani. Wakuu kumi na mmoja walibaki wanatazama kimeo chake.

"Zimefanya nini?" ilifika sauti ya Waziri, vipande vipande. "Mku... genzi? Zime... nini?"

Alijaribu kusogea dirishani. Alijaribu kuiinua kompyuta juu ya friji. Jasho lilimtoka mpaka tai ikalowa. Na hapo, kupitia ukuta wa heshima, akasikia sauti ya mkewe ikisema bila kukatika, "Sasa hamisha tano upande wa pili, ishara inabadilika. Tumeelewana?" Na sauti za watoto, moja baada ya nyingine, safi kabisa, "Tumeelewa, Mwalimu."

Alikumbatia kompyuta, akakimbilia chumba cha nyuma.

"Nina darasa," mkewe akanong'ona, ameziba kipaza sauti kwa kiganja.

"Nina Waziri."

Mwalimu alimwangalia kuanzia tai mpaka kaptura. "Kaa pale pembeni. Usiguse kitu."

Akakaa kwenye kigoda karibu na pazia. Kompyuta ikajiunga yenyewe kabla hajabonyeza chochote, na nyuso kumi na mbili zikafunguka mbele yake, ang'avu. Hapo ndipo alipouona. Waya wa kijivu ulishuka kutoka darini nyuma ya pazia, umebanwa ukutani kwa vishikizo vidogo vilivyonyooka, ukaingia kwenye ruta ya zamani iliyokuwa inamkonyeza kwa taa za kijani.

"Aa! Sasa tunakuona mpaka matundu ya pua," alisema Waziri. "Hongera. Umefanya nini hapo?"

Majibu alikuwa nayo. Miaka ishirini na miwili ya utumishi ilimpa majibu ya kila namna: uboreshaji wa mfumo, mpito wa kiufundi, changamoto iliyopatiwa ufumbuzi. Yalikuwa yamepanga foleni kwenye ulimi. Lakini alipoinua macho alimwona mkewe ameinamia daftari, wanafunzi wake wote wanapiga hesabu kimya, na akamkumbuka mwanamke huyu juu ya ndoo, wiki nzima, huku yeye akizunguka na simu kichwani.

"Ni waya, Mheshimiwa," akasema. "Mke wangu ameuvuta nikiwa semina. Taarifa niliyokuletea iliandikwa na mtu asiyejua kinachopita juu ya kichwa chake. Viongeza mawimbi vyangu havifai hata kuzuia mlango."

Nyuso zote zikaganda. Safari hii mtandao haukuhusika.

Mwalimu aliacha kuandika.

Waziri akaisogelea kamera, mpaka likabaki jicho na nusu ya shavu. "Waya wa namna gani?" akauliza kwa sauti ya chini. "Na hiyo ruta ya pili, ni lazima iwe mpya?"

"Ya zamani inatosha, Mheshimiwa."

Waziri alishusha pumzi. Siku zote nyuma yake kwenye vikao kulionekana rafu ndefu ya vitabu vya sheria. Alibonyeza kitu, vitabu vikatoweka. Alikuwa amekaa sakafuni kwenye korido, kati ya rundo la viatu na fagio la kudekia, taulo linaning'inia juu ya kichwa.

"Miezi sita," alisema. "Ruta yangu iko hapa. Mke wangu akienda jikoni ananiruka."

Mkuu wa mipango akafuta bahari yake ya bandia, akaonekana amesimama kando ya sinki. Mkuu wa utumishi alikuwa ndani ya gari, ameliegesha chini ya dirisha la sebule yake mwenyewe. Mwanasheria wa wizara akakataa katakata kufuta mandhari yake, na kwa kuwa mwangwi wa vigae ulikuwa umeshamsaliti, hakuna aliyemlazimisha.

"Huyo fundi," akasema Waziri, "anapatikana?"

Mwalimu hakupokonywa darasa. Mkurugenzi anaisimulia habari hii mwenyewe siku hizi, popote penye viti, na hapunguzi chochote isipokuwa kaptura. Sehemu anayoipenda ni ya Jumamosi ya wiki mbili baadaye; walingoja hivyo maana Mama Koleo alisema kuna zahanati na mshona nguo mbele ya Waziri, na foleni ni foleni.

Siku hiyo Mama Koleo alikuwa juu ya ngazi kwenye korido ya Waziri, penseli sikioni. Mkurugenzi, kwa kuwa ndiye pekee mwenye uzoefu, alikuwa amelala kifudifudi darini, utando wa buibui mdomoni. Mkuu wa mipango alishika furushi la waya. Waziri aliishika ngazi kwa mikono miwili.

"Vuteni!" akaamuru Mama Koleo.

"Nadhani kabla ya hatua hiyo," alisema Waziri kutoka chini, "ingekuwa busara tukae kidogo, tuangalie kama..."

"Mzee," Mama Koleo akamkata bila kugeuka, "nimesema vuteni. Sijasema jadilini."

Wakavuta.