Kisu cha Mkono wa Mwindaji

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siku njema kuliko zote! Mwindaji ameingia bandani kwangu. Mtu mrefu, ndevu mpaka kifuani, viganja vipana kama sahani. Anataka kisu cha kuchunia, mpini uchongwe kwa kipimo cha mkono wake. Kumbe ameagiza kingine kwa Mzee wa Tupa, yule fundi wa ng'ambo ya barabara. Jumamosi atavishika vyote viwili. Atakayemridhisha atakitengenezea visu chama kizima cha wawindaji.

Mke wangu alisikia yote kupitia dirisha la jikoni. Akasema haya basi: mwindaji akikikataa kisu changu, banda linakuwa la cherehani yake, maana amechoka kushonea kitandani. Nikakubali palepale. Sitoki humu! Miaka tisa nimelizoea banda hili, hata msumari wa kutundikia kofia naupata nikiwa nimefumba macho.

Jumanne, tarehe 4

Kipimo. Nilimpa mwindaji bonge la udongo wa mfinyanzi, nikamwambia alifinye kama anavyoshika kisu. Vidole vyote vimejichora, hata mkunjo wa kidole gumba. Kazi yangu ni kunakili tu. Mzee wa Tupa, yeye anamwita mteja kila siku. Shika mpini, rudisha, napiga tupa kidogo, njoo kesho. Aibu gani hiyo! Fundi asiyejiamini.

Tatizo moja: udongo mbichi unabonyea kila nikiuwekea rula. Kuuanika kivulini ni wiki nzima, na wiki sina. Nimeutia kwenye jiko la mkaa ninalopashia vyuma, nikawasha feni. Kufika saa kumi, mgumu kama tofali. Kichwa hiki!

Alhamisi, tarehe 6

Chuma tayari. Kipande cha springi ya lori, nimekipasha mpaka kikaiva, nikakizima kwenye mafuta. Mafuta ya kupikia ya mke wangu. Hajajua.

Nilivuka barabara kupeleleza, nikisingizia kuazima msasa. Kisu cha Mzee wa Tupa hakina hata mng'ao! Nilifurahi moyoni. Akanipa msasa, akauliza nimepataje kipimo. Nikajisifu kidogo. Akakuna kidevu, akasema taratibu kwamba udongo ukichomwa hupungua ukubwa, na kwamba mwindaji atakuja kwake saa tisa, nilete mpini wangu naye aushike kabla sijaugundisha. Eti! Nimshikishe mteja wangu mbele ya mpinzani wangu! Wivu mtupu. Nilishukuru kwa msasa nikaondoka.

Ijumaa, tarehe 7

Kimekwisha! Mpini wa mti mweusi, pini tatu za shaba. Nimeupima na ule udongo, sehemu kwa sehemu. Hakuna tofauti hata ya unywele.

Mke wangu amekijaribu kwenye karoti. Amesema tangu azaliwe hajashika kisu kilichomkaa mkononi namna hii. Alikiweka chini, akakishika tena. Nikawaza, kama yeye ambaye hajawahi kuwinda hata panya amekipenda hivi, mwindaji mwenyewe si atalia! Kisha akauliza mafuta yake yamekwenda wapi. Nimesema sijui.

Jumamosi, tarehe 8

Sijui nianzie wapi. Mwindaji alikishika. Vidole vitatu vikaenea. Cha mwisho kikabaki nje, kinaning'inia. Akageuza, akajaribu tena. Akauliza, kwa heshima zote, kama nimempa kisu cha mtu mwingine kwa bahati mbaya. Nikamwambia huenda mkono wake umevimba kwa joto.

Akaenda ng'ambo. Kupitia ufa wa mlango nikamwona akikishika kile kisu kisichong'aa. Akatabasamu tu, akakishika muda mrefu, hakutaka kukirudisha. Nimeumia. Nasema kweli, nimeumia.

Jumapili, tarehe 9

Cherehani imo bandani. Utepe wake wa kupimia umetundikwa kwenye msumari wangu. Naandika haya kwenye meza ya jikoni, na mke wangu anakata vitunguu kwa kisu changu huku akiimba. Mzee wa Tupa alikuja kunipa pole. Akasema karakanani kwake kuna nafasi, kazi ya wawindaji ni nyingi, tuifanye pamoja. Nimemwambia nitafikiri. Sitafikiri.

Maana kosa nimeshaligundua. Jiko halikuwaka vya kutosha! Udongo haukuiva, ndiyo maana kipimo kikaniangusha. Na bahati imerudi: jirani yetu mpima ardhi anataka kisu cha kufyekea vichaka, na asubuhi hii amenifinyia bonge lake. Hili nitalichoma kutwa nzima, feni ikivuma mpaka mwisho. Nimemweleza mke wangu. Ameniambia nifanye hivyo hivyo, tena nisipunguze moto, kwani dada yake naye hana kisu cha jikoni.

Sijaelewa dada yake anaingiaje hapa.