Lusweti Aliyetoka Kitabuni

Jumatatu, 4 Agosti. Kitale.

Likizo! Hakuna kengele, hakuna zamu, hakuna Kidato cha Pili. Nimeapa kusoma riwaya moja kabla shule hazijafunguliwa. Moja tu, nyepesi, isiyo na mafunzo. Tangu mtoto wetu azaliwe mwezi wa Juni, kitu pekee nilichosoma hadi mwisho ni maandishi ya mkebe wa poda yake.

Nimekwenda kwa Ritesh, jirani yetu mwenye duka la vipuri vya baiskeli. Naye ana mtoto mchanga. Naye halali. Lakini ati kila wiki anamaliza vitabu viwili! Aliniambia hivyo akipangusa mnyororo, bila hata kupiga miayo. Nikajibu kwamba mimi pia husoma sana, shida yangu ni kuchagua tu. Mungu anisamehe. Akanitolea riwaya ya upelelezi chini ya kaunta. Nyembamba. Jalada lina mwanamke na chupa ya sumu. "Mwalimu, hii utamaliza na chai moja," akasema. "Jumatatu tuongee mwisho wake."

Sasa sina pa kutorokea.

Jumanne, 5 Agosti

Niko ukurasa wa kwanza. Kila maiti ikikaribia kupatikana, mtoto analia. Nikirudi nimesahau aliyekufa ni nani.

Nikabuni mbinu. Nikamwambia Joan, mke wangu, kwamba nepi zote za leo nitafua mimi. Akanitazama sana. Nikaenda nyuma ya nyumba, kitabu nikakiegemeza kwenye ndoo, mikono ndani ya povu, macho kwenye hadithi. Raha! Mpaka Joan alipotoka kuniuliza kwa nini nasugua shati langu mwenyewe, na nepi bado ziko kwenye karai. Nikashtuka, kitabu kikatumbukia. Nimekianika kwenye kamba, kati ya nepi. Joan alicheka hadi akashika ukuta. Alikuwa hajacheka kwa siku nyingi, kwa hiyo nahesabu huo ni ushindi.

Alhamisi, 7 Agosti

Mama yangu amefika kutoka kwetu Bumula na ndizi, kuku na maoni. Alimsikiliza mtoto akilia kidogo tu, akatoa hukumu: huyu haumwi tumbo, analilia jina. Kwetu mtoto wa namna hii huitiwa majina ya wazee waliotangulia, mmoja mmoja, hadi anyamaze. Akinyamaza, basi mwenye jina amefika.

Joan akasema kwa upole kwamba jina lipo. Wakhungu, la marehemu baba yake. Alimuuguza hadi siku ya mwisho, na mzee akaondoka bila kumwona mjukuu. Mama akasema ni vizuri, Wakhungu apange foleni na wenzake.

Mimi nikaona mwanya. Mama akiita wazee, mikono yangu iko huru! Nikamkabidhi mtoto, nikakaa nyuma ya kiti chake na riwaya. Kila wazee walipokaribia kuisha, nikamkumbusha mwingine. Na yule aliyekuwa fundi wa matofali? Na ndugu yake? Maiti imepatikana, mjane amehojiwa, nimefika katikati ya kitabu. Sijawahi kuupenda ukoo wetu hivi.

Ijumaa, 8 Agosti

Balaa!

Mama alikuwa ameanza upande wa babu. Mimi nilikuwa mahali patamu. Mjane yuko peke yake, mlango unafunguka polepole, na anayeingia ni... "Lusweti!" nikaropoka. Sikuweza kujizuia.

Mtoto akanyamaza kabisa.

Mama akageuka, machozi tayari yako machoni. "Umesema Lusweti? Nani alikuambia? Rudia!" Nikarudia. Mtoto akatabasamu, msaliti mkubwa. Kumbe babu alikuwa na kaka aitwaye Lusweti, aliyepeleka ng'ombe mnadani akiwa kijana na hakuonekana tena. Hakuna mtoto aliyewahi kupewa jina lake. Mama akapiga vigelegele, kisha akapiga simu Bumula. Jumapili kuku wanachinjwa.

Nilimkuta Joan jikoni, amesimama mbele ya sufuria tupu. Niliona aibu sana.

Tena kuna jambo la pili. Huyu Lusweti wa kitabuni ni nani? Anaweza kuwa askari. Anaweza kuwa mwenye sumu! Lazima nimalize.

Jumamosi, 9 Agosti

Kitabu kimepotea. Nimetafuta chini ya kitanda, kwenye karai, hata ndani ya gunia la mahindi. Kumbe Joan anacho. Amejilaza na mtoto kifuani, riwaya mkononi, yuko ukurasa wa mwisho. Ukurasa wa mwisho! Kwa asubuhi moja! Nikamuuliza Lusweti ni nani. Akafunga kitabu taratibu, akaniambia ni muuaji. Ameua watu watatu, mmoja wao shemasi.

Nikaenda kuungama kwa Mama. Nikasema jina lilitoka kwenye hadithi, na kwamba nilikuwa nasoma wakati yeye anaita wazee. Na huyo Lusweti ni muuaji. Nilingoja laana. Mama akaendelea kuchambua kunde. Akasema ya kitabuni hayamhusu, na wazee hawachagui njia. "Huyo amepotea miaka yote hiyo. Kama njia aliyopata ni kitabu, wewe ni nani umfungie?" Akaongeza kwamba nisome zaidi, kuna wengine pia waliopotea.

Nimerudi kwa Joan mikono mitupu, jina likiwa palepale. Akasema ni sawa. Sikupenda alivyosema.

Jumapili, 10 Agosti. Bumula.

Ukoo ulijaa uani. Mama akamwinua mtoto, akaita, "Lusweti!" Mtoto akapiga yowe, kuku aliyebaki akakimbilia kwa jirani. Mama akaita tena. Ikawa mbaya zaidi. Wajomba wakatazamana. Joan akamchukua mtoto, akamfunika leso, akainama sikioni. "Wakhungu," akasema.

Kimya.

Vigelegele upya! Mama akatafakari, akaweka mkono kichwani pa Joan, akasema basi baba yako amefika, tumkaribishe. Lusweti atangoja, amezoea. Joan akalia, mimi pia nikalia.

Lakini nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, na niliona. Chini ya leso alikuwa anamnyonyesha. Hila moja, safi, bila ndoo wala povu. Nilifurahi kwa ajili yake kwa dhati, halafu nikaona wivu.

Jumatatu, 11 Agosti. Kitale.

Nimemrudishia Ritesh kitabu. Nikamwambia mwisho ulinishangaza, hasa kifo cha shemasi. Ritesh akauliza shemasi gani. Nikasema yule aliyeuawa na Lusweti. Akaweka spana chini. Akasema hakuna shemasi. Lusweti ndiye askari, ndiye anayemwokoa mjane. "Mwalimu, kweli umesoma?"

Nimeungama mbele ya mama mzazi kwa ajili ya shemasi ambaye hayupo! Nikamuuliza Joan. Akasema alitaka kuona kama nitakwenda kwa Mama kuungama. Kisha akanibusu shavuni, akaenda kulala.

Basi nimejifunza. Kosa langu lilikuwa moja tu: kusoma kwa sauti. Nimechukua riwaya nyingine kwa Ritesh, nene kidogo, nikamwambia nitaimaliza kabla ya Ijumaa. Mama amerudi nasi kutoka Bumula. Nimemnong'oneza kwamba Wakhungu analia tena, pengine kuna jina la pili. Amefurahi. Ameanza kuita. Nimeketi nyuma ya kiti chake, midomo nimeifunga.

Baadaye. Midomo imefunguka. Mama ameshika simu. Anauliza Bumula kama ukoo wetu uliwahi kuwa na mtu aitwaye Kipkirui.