Jiwe la Msingi la Nyumba ya Kobe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru, waheshimiwa wawakilishi wa waheshimiwa, Kanoni Bartholomayo, Shehe Hamudi, wazee wetu, shikamooni (Marahaba!), wadau wa maendeleo, wadau wa wadau, na ninyi wananchi wa Makote mliosimama juani kwa kuwa viti vimetosha meza kuu tu: itifaki imezingatiwa, na asiyetajwa ajihesabu ametajwa!

Mimi, Cyril Fikirini, Mratibu wa Programu Shirikishi ya Makazi ya Ndani ya Kobe Wafugwao, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa ambao watu wengi wameusifu. (Makofi, meza kuu.) Upembuzi yakinifu umebaini kuwa asilimia tisini na nane ya kobe wetu hawana makazi yenye hadhi. (Sauti: "Si wanatembea nayo mgongoni!" Kicheko.) Ndugu yangu, hayo ni makazi ya nje, sisi tunazungumzia ya ndani.

Mtakumbuka mwezi uliopita tulimchukua kobe wa Mama Wema awe mnufaika wa kwanza, kwa sababu alikuwa akiishi kienyeji, kwenye kona ya chumba iliyozungushiwa mbao. Mama alilia, tukamwelimisha. (Mama Wema: "Kobe wangu yuko wapi, mwanangu?") Subira, Mama. Wataalamu, niliokaa nao semina elekezi ufukweni, wanasema kobe hafai kufungiwa kwenye tangi la kioo kama samaki. Anahitaji nafasi pana ya kutembea, udongo wenye unyevunyevu, majani makavu ya kujifukia, sahani ya maji isiyo na kina, mahali pa kujificha na upande unaopata jua la asubuhi. (Mama Wema: "Si ndiko mlikomtoa!" Kicheko kirefu.) Tofauti, Mama, ni kwamba yetu ina mchoro.

Wapo wanaouliza mbona jengo halionekani. Mwenda pole hajikwai! Ujenzi umefikia asilimia sabini na tano, kimchakato. Na ili kuwaziba midomo wabezaji, sasa nafunua rasmi jiwe la msingi! (Anavuta kitambaa. Jiwe linatoa kichwa, linatazama huku na huku, linaanza kutembea. Vigelegele.)

Tulieni! Kitambaa kilikosa cha kufunika, ikawa hatua ya mpito. Siku zote hizi amekaa kwenye droo ya meza yangu, na hayo nayo ni makazi ya ndani. (Mama Wema anamnyanyua: "Oneni alivyokonda! Mlikuwa mnamlisha nini, karatasi?")

Kobe kwanza! Gamba bora, taifa bora! (Mtu anakohoa.)

Kwa kumalizia, nawashukuru wafadhili kwa kuzipokea picha za jengo, na mpiga picha wetu Mohamedi, aliyeipiga kona ya Mama Wema kwa karibu mpaka ikaonekana ukumbi. Shukrani za pekee zimwendee kobe mwenyewe, kwani katika mradi huu wote ndiye kitu pekee kilichokuwepo, na naona naye anarudishwa kwao.