Mchuzi Mweusi kwa Wanaohama Tu

Kwa furaha isiyo na kifani, Idara ya Lishe Bora ya wilaya ilitangaza kwamba chanzo cha maradhi yote mjini Incheon, Korea, kimepatikana: kilikuwa ndani ya bakuli la Bi Gok Suk-ran.

Bi Gok, ambaye babu yake alikuja kutoka Shandong, China, na kufungua mkahawa wa jajangmyeon, tambi za mchuzi mweusi, aliusoma waraka mara mbili. Tambi hazikuwa na kosa. Kilichoshtakiwa ni mchuzi mweusi: chumvi kupita kiasi, mafuta ya nguruwe bila haya. Kuanzia Jumatatu angepika Mchuzi Sanifu, usio na chumvi wala mafuta, la sivyo leseni ingefutwa na jiko la babu kufungwa.

Alitii. Wateja walionja, wakatazama dari, wakaondoka. Wiki ilipokwisha, alikuwa akiwapikia nzi.

Ndipo Idara ikahamia jengo jipya. Maafisa walipandisha makabati hadi ghorofa ya nne, na siku ya kuhama, kwa desturi ya Wakorea, huliwa jajangmyeon. Mkurugenzi Pyo akaagiza mabakuli kumi na moja. Bi Gok akayapeleka mwenyewe.

Pyo alichanganya, akatafuna, akakunja uso.

"Mama, hiki nini? Maji ya kuoshea sufuria?"

"Mchuzi Sanifu, mheshimiwa. Sahihi ni yako."

"Leo tunahama, jamani! Mgongo umekatika!"

"Basi niandikie."

Akaandika papo hapo, akapiga muhuri: mtu anayehama hupoteza nguvu, hivyo aruhusiwe mchuzi wa zamani, mradi ajaze fomu.

Kesho yake foleni ilifika barabarani. Mzee Tak alikuja na mto wa kulalia.

"Unahamia wapi, mzee?"

"Chumba cha pili. Usinibanie mafuta."

Bi Gok aliwajazisha fomu wote, na Idara ikazisajili kwa uadilifu mkubwa. Baada ya miezi miwili, takwimu zilithibitisha kwamba wilaya nzima imehama. Wizara, kwa mantiki isiyopingika, ikaifunga Idara kwa kukosa wakazi wa kulishwa vyema.

Alasiri hiyo Pyo aliingia mkahawani, boksi kifuani, tai imelegea.

"Bakuli moja, mama. La zamani."

"Unahama?"

"Nahama kweli."

"Wote husema hivyo, mwanangu," alisema Bi Gok, akivaa miwani. "Fungua boksi tukague."