Bakapu ya Mama Ruti

Makame alikuwa kando ya foleni ya malori pale Tunduma, anakula hindi la kuchoma, aliposikia mama mmoja akifoka ndani ya steshenari: "Miezi minane nimezunguka Iyula nyumba kwa nyumba! Laptop hii ikifa kabla ya Ijumaa, na mimi mnizike nayo!"

Wengine wangesema pole. Makame alitupa gunzi, akafuta midomo, akaweka sawa kitambulisho kilichoning'inia shingoni. Kilikuwa kimeandikwa MTAALAMU kwa herufi kubwa, ila wa nini hakikusema, na tangu afike mjini kutoka Unguja hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fotokopi ni shilingi mia, unalipa kabisa."

"Sina cha kutoa fotokopi, mama yangu. Nimesikia habari za kuzikwa, nikasema haiwezekani, mama mzima na afya yake. Umefanya bakapu?"

Mama huyo, mwenye steshenari, jina lake ni Tukuswiga, mzaliwa wa Isongole kule Ileje, lakini mjini wote wanamwita Mama Ruti. Ni mzee wa kanisa, ana sauti nzito na sweta la kijani asilolivua hata jua liwake vipi. Ndani ya laptop yake mlikuwa na orodha ya wakulima wa kahawa elfu moja mia moja na arobaini, kila mmoja na mipaka ya shamba lake. Ushirika ulimpa kazi hiyo aikabidhi Vwawa Ijumaa saa nne asubuhi. Akikosa, anapewa mtu mwingine, na miezi minane ya kupanda milima inakwenda bure.

"Bakapu ndio nini?" akauliza.

"Naichukua diski yako ya ndani yote kama ilivyo," Makame akasema, akitoa kijiboksi cheusi chenye waya. "Mfumo, mafaili, mpaka picha ya mjukuu hapo kwenye skrini. Naihifadhi humu, kwenye diski ya nje. Laptop ikifa, naifufua. Unaikuta pale pale ulipoiacha."

"Shilingi ngapi?"

"Bure."

Hapo ndipo mwenye akili hushtuka, na Mama Ruti alishtuka kidogo. Lakini jamani, bure ni bure. Akafungua laptop mwenyewe, akaandika neno lake la siri huku kaikinga kwa kiganja.

Bakapu ilikuwa ya kweli, tusimsingizie mtu. Ilipokwisha, Makame akaomba kwenda nayo akaisafishe vumbi, na jioni akairudisha inang'aa, inawaka vizuri. Ila aliitoa diski nzuri ya ndani, akaweka mbovu aliyoinunua elfu tano kwa wauza skrepa, ya kukata roho polepole, akaurudisha juu yake mfumo ule ule wa Mama Ruti. Ile nzuri aliifuta, akaenda kuiuza elfu arobaini kwa Abdulrahim, muuza laptop za mtumba na vipuri vyake. Abdulrahim aliigeuza, akaitazama chini, akalipa.

Jumatano laptop ya Mama Ruti ikafa.

"Usiwe na wasiwasi mama, si nimo?" Makame akasema kwenye simu. "Kufufua ni laki nne."

Alhamisi asubuhi akafika na diski yake ya nje pamoja na laptop yake begani. Steshenari imejaa: madereva wanasubiri nyaraka zao, wanakwaya wana daftari la nyimbo, na Kefa mgambo kaja kupiga picha za paspoti. Juu ya kaunta palikuwa na bahasha iliyovimba vizuri sana.

"Laki nne hiyo," akasema Mama Ruti. "Lakini jaribisha kwanza."

"Nijaribishe nini tena, mama?"

"Mwanangu, mimi nikinunua balbu ya elfu mbili, muuzaji anaichomeka, naiona inawaka, ndio natoa hela. Leo ninunue kiboksi cha laki nne kwa kukiangalia tu?"

Foleni nzima ikaguna kukubali. Alikuwa ameigusa sheria kuu ya biashara katika nchi hii, ambayo haikupitishwa na bunge lolote wala haijawahi kuvunjwa: kitu cha umeme hakitoki dukani bila kuwashwa.

"Sasa mama, laptop yako imekufa. Nimekwambia inataka diski mpya, naagiza Mbeya ukishalipa."

"Basi jaribisha kwako. Si zinafanana?"

Zilifanana kweli. Nyeusi zote, za mtumba, zimeshuka kwenye kontena moja na kuuzwa na Abdulrahim yule yule.

Makame akasita. Laptop yake ndiyo iliyokuwa shamba lake. Ndani mlikuwa na mihuri ya ofisi zisizokuwepo, risiti za kampuni ambazo hazijazaliwa, na orodha ya wateja wake pamoja na udhaifu wa kila mmoja. Kumwaga vitu vya Mama Ruti humo ni kufuta vyote hivyo. Lakini akakumbuka kwamba hata yeye ana bakapu, humo humo kwenye diski ya nje. Atamwonyesha mama, atachukua bahasha, jioni ataurudisha mfumo wake, atalala usingizi.

"Iwe, wewe fundi!" akaita dereva mmoja wa upande wa Zambia. "Unaogopa nini?"

"Nani anaogopa?" Makame akachomeka waya.

Ilichukua saa moja na nusu. Watu walikula maandazi, wakaimba nyimbo mbili za daftari, na hakuna aliyeondoka. Mwishowe laptop ikazima, ikawaka, na pale kwenye skrini akatokea mtoto wa kike anayecheka hana meno mawili ya mbele. Mama Ruti akafuta mkono kwenye kanga, akaandika neno la siri. Orodha ikafunguka. Akaishusha jina kwa jina mpaka mkulima wa mwisho, na machozi yakamtoka.

"Ee Mungu wangu. Wote wapo!"

Kwaya ikapiga vigelegele. Mama Ruti akaizima laptop, akaifunika, akaitia kwenye mkoba wake na kufunga zipu.

"Mama," Makame akacheka kidogo, "hiyo ni yangu."

"Yako hiyo hapo mezani, fundi. Imekufa, pole sana."

"Jamani! Mnaona? Ananiibia mchana kweupe!"

Kefa mgambo akavaa kofia yake, maana bila kofia alikuwa mteja tu. "Tulieni. Kesi ndogo hii. Mwenye laptop ataifungua." Akaitoa mkobani, akaiwasha. Mtoto akacheka. "Fundi, huyu ni nani yako?"

"Huyo... ni mtoto."

"Mtoto tunamwona. Jina lake?"

Makame akainama kumtazama mtoto vizuri.

"Haya, andika neno la siri."

Makame akaandika moja mbili tatu nne. Ikakataa. Akaandika jina lake. Ikakataa. Mama Ruti akanyoosha mkono na kuandika kwa kidole kimoja bila haraka, ikafunguka.

"Serikali imeridhika," akasema Kefa.

"Lakini ni mimi niliyemwekea humo ndani!"

"Umeweka vitu vya mama kwenye laptop yako? Kwa nini? Na yake imekufaje?"

Makame akaanza kuizungushia waya diski yake ya nje. Jibu alikuwa nalo, tena la kweli kabisa, ila lilikuwa jibu la kumfikisha kituoni. Akabeba laptop iliyokufa, akainyakua bahasha na kutoka kama mtu aliyekubali hasara kiungwana. Hakuna aliyemzuia. Laki nne kwa laptop ya mtumba, akajiambia, mbona ni faida!

Alipofika kwa wabadilisha kwacha akaifungua. Zilikuwa picha za paspoti zilizoharibika, watu arobaini, wote wamefumba macho.

Akaenda kwa Abdulrahim kutafuta diski. Ilikuwapo moja tu ya kufaa, elfu tisini. Alilipa huku akiuma meno, kisha akaigeuza. Chini yake palikuwa na maandishi ya kalamu ya wino mzito: MAMA RUTI, ISONGOLE, WARANTI MIEZI SITA.

"Abdulrahim! Ulimpigia?"

"Kila kinachotoka hapa nakiandika jina, ndugu yangu. Kikirudi na mtu mwingine, nampigia mwenyewe. Ni huduma kwa wateja."

"Mbona hamkuniitia polisi?"

"Nilimshauri. Akasema polisi wataishika laptop iwe kielelezo, naye anataka orodha yake Ijumaa. Akaniuliza swali moja tu, kama ya kwako inafanana na yake."

Chumbani kwake Makame akaifunga diski kwenye laptop iliyokufa, akaitafuta bakapu yake. Watu alikuwa akiwahimiza wafanye kila wiki. Ya kwake aliifanya mara moja, mwezi Machi mwaka jana, wiki ile aliyofika Tunduma. Mfumo ukawaka ulivyokuwa Machi. Hapakuwa na muhuri, risiti wala orodha ya wateja. Palikuwa na faili moja tu, barua ya kuomba kazi ya karani huko Chitete, ambayo hakuwahi kuipeleka. Akaisoma, akaona aibu, akairudia kuisoma.

Ijumaa mchana Mama Ruti alirudi kutoka Vwawa ameshakabidhi orodha, anaimba peke yake. Kwenye foleni ya steshenari akamkuta Makame ameshika fleshi, shingoni hana kitambulisho.

"Shikamoo mama. Ukurasa mmoja tu."

"Marahaba. Unalipa kabisa."

Makame akaweka mia mbili juu ya kaunta. Mama Ruti akaitoa barua, akaisoma taratibu huku wote wakisubiri, mpaka alipofika kwenye maneno "kijana mwaminifu, mchapakazi, mjuzi wa kompyuta." Akamtazama juu ya miwani.

"Ujuzi unao," akasema, akimpa karatasi. "Hilo la uaminifu watalijaribisha kwanza, mwanangu."